Tusome Mbele ya Kujenga

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Wengi kati yetu wanapenda kujenga mifano ya vita ya zamani: boma ya udongo, askari wa matete, bunduki za waya. Ni kazi nzuri. Lakini tunauliza: munajenga kwa kufuata kitabu gani?

Kasongo yetu ilitekwa na jeshi la Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Hinde, mganga Mwingereza wa jeshi lile, aliandika kitabu juu ya vita ile mwaka 1897. Kinafaa, sababu aliona mji kwa macho yake. Lakini aliuona akiwa upande wa washindi. Tippu Tip naye alieleza maisha yake kwa Kiswahili. Yeye alijua Kasongo mbele ya vita. Mji ulipoanguka alikuwa amekwisha rudi Unguja.

Hawa wawili walikuwa wakubwa. Basi iko wa tatu: Disasi Makulo, aliyekamatwa angali mtoto na watu wa Tippu Tip, na nyuma akawa mhubiri wa misioni ya Kiprotestanti. Maisha yake yalichapwa Kinshasa mwaka 1983, kwa Kifaransa.

Shahidi mmoja hatoshi. Tunaomba vitabu hivi vitatu vitafutwe kwa maktaba yetu. Na ninyi wajengaji, pembeni ya bunduki muweke mpagazi na mtoto mwenye kamba shingoni. Pasipo hao, boma yenu ni nusu ya historia tu.

Ni sisi, makapita wa mwaka wa mwisho.