Pua Inaponyamaza Jikoni



Tangu maradhi ya korona yalipoenea mwaka 2020, wapo waliopona homa na kikohozi lakini wasisikie tena harufu. Pilau kwao imebaki chumvi na ukali wa pilipili. Iliki na mdalasini zimetoweka. Ulimi hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na machache mengine. Sehemu kubwa ya tuiitayo ladha huletwa na pua. Virusi hudhuru chembe zinazohudumia neva za kunusia, juu ndani ya pua. Hata mafua ya kawaida yaweza kuleta hali hii.

Wengi hupona baada ya wiki chache, wengine huchukua miezi au zaidi. Kwa baadhi yao harufu hurudi ikiwa imepotoka: kitunguu kikikaangwa hunuka uvundo, na kahawa hunuka kama kitu kilichoungua. Huko si kudeka wala uzembe. Ni ugonjwa usio na jeraha la kuonyesha.

Basi mume asimkemee mkewe kwa mchuzi uliozidi chumvi. Abu Huraira (r.a.) amesimulia kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa akikitia ila chakula, akikipenda hukila, asipokipenda hukiacha. Ikiwa hiyo ndiyo adabu kwa mpishi mzima, itakuwaje kwa mpishi mgonjwa?

Tumsaidie kwa vitendo. Mwingine aonje chumvi, mwingine anuse maziwa na samaki. Mtungi wa gesi ufungwe kila mapishi yanapokwisha, maana mgonjwa hatasikia gesi ikivuja.

Lipo pia zoezi la kunusa, lililochapishwa na wataalamu wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009. Mgonjwa hunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, kimoja baada ya kingine, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi, huku akiikumbuka harufu ya kila kimoja. Marashi, limau na karafuu vimo majumbani mwetu. Zoezi hili halimponyi kila mtu, lakini limewafaa wengi. Asiyepata nafuu, au aliyepoteza harufu ghafla bila mafua, amwone daktari.

Mgonjwa ana thawabu ya subira yake, lakini subira hiyo si ruhusa ya sisi kumwacha peke yake. Mwenyezi Mungu awarudishie wagonjwa wetu neema hii, na atujaalie upole majumbani mwetu. Amin.