Mfumo Usio na Masikio

Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia mzaliwa wa Austria, alishikilia kuwa kiumbe hai ni mfumo wazi: hupokea kutoka kwa mazingira yake, hutoa, na kujirekebisha. Wataalamu wa uhusiano mwema waliiazima hoja hiyo kuyaeleza mashirika. Mwaka 1984, James Grunig na Todd Hunt waliyatenga mawasiliano ya upande mmoja na yale ya pande mbili, ambamo shirika nalo laweza kubadilika kwa kuusikiliza umma.

Swali letu wanagenzi wa Kiswahili ni hili: mrejesho huja kwa lugha gani? Si nadra humu nchini kukuta tangazo limebandikwa kwa Kiswahili, ilhali fomu ya malalamiko ni ya Kiingereza kitupu. Mlango wa kutokea u wazi, wa kuingilia umekomewa. (Sanduku la maoni nalo, ajabu, huwa na kufuli!) Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa. Afisa huyo hufunzwa nadharia hii kwa Kiingereza, aghalabu asiijue hata istilahi mrejesho. Idara za Kiswahili na za mawasiliano ziandae kozi ya pamoja. Zoezi la kwanza liwe kuiandika upya fomu ya malalamiko ya chuo chenyewe.