MWILI NDIO MTAJI WA MFANYAKAZI



Tajiri ana mashamba, ana nyumba za kupangisha, ana fedha benki. Akiugua mwezi mzima, mali yake yaendelea kumfanyia kazi huku yeye amelala. Sisi tunaoamka alfajiri kukimbilia zamu hatuna hayo. Mtaji wetu ni mikono, miguu, mgongo na macho. Mtaji huo ukiharibika, hakuna benki itakayotukopesha mwingine. Kwa hiyo leo hatuanzi na habari za mshahara. Twaanza na kile kinachouleta mshahara nyumbani.

Najua majibu yatakayotolewa. Mtu wa gengi atasema: "Mimi nabeba mataruma na kuchota kokoto tangu asubuhi, mazoezi ya nini tena?" Karani naye atasema: "Mimi nakaa kitini kivulini, mwili wangu hauchoki, una shida gani?" Wote wawili na wasikilize.

Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili mjini London. Dereva aliketi zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Ikaonekana kwamba madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 walipima sare zao wakakuta suruali za madereva zina viuno vipana zaidi, hata za vijana. Basi haikuwa ngazi peke yake, na unene nao ulikuwamo. Kisha mwaka 1962 wataalamu wa Marekani wakatoa habari za watu wa reli, yaani wenzetu hasa. Walilinganisha makarani, watu wa kupanga mabehewa na watu wa gengi. Makarani ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo, wakafuatwa na watu wa mabehewa, na gengi ndio waliokufa kidogo kuliko wote.

Karani, habari hizo ni zako. Kiti hakikuchoshi leo, lakini chakudai kidogo kidogo, na siku moja chataka deni lote. Wewe dereva, na wewe mlinzi unayekaa langoni, mko pamoja naye.

Lakini mtu wa gengi asicheke. Kazi nzito si dawa ya kila kitu. Kuinua chuma kwa mgongo uliopinda, bila maji, bila chakula cha kutosha na bila kupumzika, si mazoezi bali ni kuchakaa. Sisi watu wa Tana twalijua jambo hilo kuliko wengi. Tarehe 3 Machi 1959, pale Hola, wafungwa wa kizuizini walilazimishwa kwenda kuchimba mtaro wa maji ya shamba, wakapigwa na askari walinzi, na watu 11 wakafa. Wakubwa wa wakati ule walisema kwanza kwamba maji waliyokunywa ndiyo yaliyowaua. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni kipigo. Tangu hapo hakuna mtu awezaye kutuambia kwamba kila jasho ni afya. Jasho la afya ni la mtu aliyekula, aliyekunywa, na ambaye jioni yuko huru kwenda nyumbani.

Basi tufanye nini? Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima autumikishe mwili kwa dakika 150 mpaka 300 kila wiki, kwa kiasi cha kutoka jasho na kuhema kidogo. Gawanya 150 kwa siku tano, wapata nusu saa kwa siku. Kutembea upesi nusu saa hakuhitaji kiatu cha bei wala ada ya chumba cha mazoezi. Tena washauri siku mbili au zaidi katika wiki za kutia nguvu misuli: kuchuchumaa na kusimama, kujiinua kwa mikono chini sakafuni, kubeba ndoo kwa zamu mkono huu na mkono huu. Mwenye kazi ya kukaa aongeze mwendo. Mwenye kazi ya kubeba anyooshe mgongo na miguu kabla ya zamu na baada yake, na apate usingizi wake. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu amwone daktari kwanza.

Siri ni kudumu. Wako watu ambao Januari hukimbia mpaka wakaanguka, na ifikapo Machi viatu vimeota kutu mlangoni. Hao hawajengi kitu. Haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa ya kila siku kwa miaka kumi yashinda mbio za wiki mbili.

Sasa chakula. Reli haikufika Garsen, lakini watoto wa Tana tuko relini, na wengi wetu tuliacha chakula kizuri nyuma tukakimbilia kibaya. Fikirini chakula cha kwetu. Mkulima wa Kipokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na kunde kando ya mto, ana mwembe nyumbani, na huvua samaki. Mfugaji wa Kiorma ana maziwa. Akina mama wa Kiorma huleta maziwa sokoni, na fedha zake hununua unga na mchele. Hapo pana chakula cha nguvu, chakula cha kujenga mwili, na mboga na matunda ya kuulinda. Hapakuwa na daktari aliyekuja kupanga hayo. Mto na jirani ndio waliopanga.

Mjini twala nini? Asubuhi chai yenye sukari vijiko vinne na mahamri. Mchana chipsi na soda. Usiku ugali mlima mzima na mboga kidole kimoja. Chupa ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na vijiko saba vya sukari. Washauri wa afya wasema sukari ya kuongezwa isipite vijiko 12 kwa siku nzima, na ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi. Chumvi nayo isipite kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Mboga na matunda visipungue gramu 400. Kama huna mizani tumia sahani yako: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe ugali au wali, robo iwe samaki, maharagwe, pojo, kunde, yai au nyama. Maharagwe na mchicha si chakula cha aibu. Ni chakula cha mtu anayetaka kufika siku ya pensheni akiwa anatembea.

Maana adui mkubwa wa siku hizi haji kwa kelele. Presha na kisukari huingia kimya, na mtu huja kujua siku ya kuanguka. Presha ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo kwa vipimo vya siku mbalimbali, hiyo imepanda. Kupima ni dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini, ndugu, haitoshi kumwambia mtu ale vizuri kana kwamba chakula chatoka mbinguni. Chakula cha Tana kina adui zake. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliharibu mradi wa mpunga wa delta. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023 uliua mifugo kwa wingi, na mahali palipokosa ng'ombe pakakosa maziwa ya watoto. Tena yako maafa tuliyojiletea wenyewe. Katika fujo za 2012 na 2013 huko Tana Delta, zaidi ya watu 100 waliuawa, mkulima na mfugaji wakagombana juu ya malisho, mashamba na maji, na siasa ikachochea moto. Mpunga ukakosa maziwa na maziwa yakakosa mpunga. Mwenye kumchochea Mpokomo na Mworma kugombana anachukua chakula kinywani mwa wote wawili. Sisi ambao chamani twaitana ndugu bila kuulizana kabila, tulipeleke neno hilo nyumbani wakati wa likizo.

Na huko nyumbani tusisahau maji. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa. Watoto wasiachwe kucheza katika mifereji yenye kichocho. Tulale ndani ya chandarua, maana homa ya malaria ikikutia kitandani wiki moja, mazoezi ya mwezi yamepotea.

Mwisho, lipo fungu la mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka kila mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kutosha mahali pa kazi. Yatoa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na pale ambapo mkataba umesema chakula kitatolewa, chakula hicho sharti kiwe cha kutosha, kwa gharama ya mwajiri. Haya si hisani, ni haki. Mwanachama anayekunywa maji ya mtaro zamu nzima asinung'unike pembeni. Aandike tarehe, mahali na majina ya mashahidi, ampelekee mwakilishi wake.

Kwa hiyo tawi lipeleke mambo matatu kwenye mkutano ujao. Kwanza, maji safi kwa kila gengi na kila kituo. Pili, saa ya chakula isiyokatwa na msimamizi. Tatu, kila mwanachama apimwe presha na sukari mara moja kwa mwaka, na zamu yake isihesabiwe utoro kwa sababu hiyo.

Hayo matatu tutayadai pamoja. Ile nusu saa ya kila siku na ile sahani ya jioni, hakuna chama kiwezacho kukufanyia. Anza leo jioni. Shuka kituo kimoja kabla ya kwenu, utembee.

Umoja ni nguvu, na nguvu hukaa katika mwili mzima.

Mhariri