Nani Humsindikiza Kijana Anayekwenda Chuo cha Ufundi?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, ofisi za parokia zetu, za mlimani na za mjini, hupokea wageni wa namna mbili. Wazazi ambao watoto wao wamepata daraja la kwanza au la pili huja asubuhi, wakiwa na mtoto mwenyewe, kuandikisha nia ya Misa ya shukrani. Wale ambao watoto wao wamepata daraja la nne au sifuri huja jioni, mara nyingi bila mtoto, na kumwuliza paroko kwa sauti ya chini kama anafahamu chuo chochote kinachoweza kumpokea. Hawaulizi chuo cha umeme, wala cha ushonaji, wala cha mapishi. Huuliza chuo chochote.

Si kwamba nafasi ni haba kama zamani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari, na Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya ambazo hazikuwa navyo. Kwa miaka mingi ada ya chuo cha VETA imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni, fedha ambazo hazifikii gharama ya vinywaji katika sherehe nyingi za kipaimara hapa kwetu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo nayo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Moshi mjini tunacho chuo cha VETA; Kibosho na Huruma tunavyo vyuo vya afya vilivyokua pamoja na hospitali za jimbo; Msinga katika Wilaya ya Moshi na Mamtukuna huko Rombo vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mlango umepanuliwa. Linalokosekana ni mtu wa kumsindikiza kijana tangu mlangoni hadi atakapopata mahali pa kufanyia kazi, na hilo haliwezi kuachiwa chuo peke yake.

Inafaa tukumbuke jinsi Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza, maana historia yake ina fundisho ambalo tumelisahau. Wazo lake lilitoka mbali. Huko Denmark, katika karne ya 19, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Grundtvig alitaka wakulima wapate shule isiyo na mitihani, ya kuwafanya raia wanaojitambua. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo likaenea hadi Sweden, na kutoka huko Mwalimu Nyerere akalichukua, akaliunganisha na fikra zake za Elimu ya Kujitegemea za mwaka 1967. Vyuo vyenyewe vilianza mwaka 1975, na leo viko zaidi ya 50 nchini kote. Katika mpango ule wa awali mwanafunzi hakujipeleka mwenyewe. Kijiji ndicho kilichomchagua, kwa kuwa kilihitaji seremala, mwashi au mtu wa kuendesha duka la ushirika. Na baada ya mafunzo alitarajiwa kurudi katika kijiji kilekile, ambako kazi ilikuwa ikimngoja.

Sisemi kwamba mpango huo ulifanikiwa kila mahali. Vijiji vingine vilichagua ndugu za viongozi, vingine havikuwa na mbao wala saruji ya kumpa fundi aliyerudi, na vyuo vyenyewe vikahamishwa wizara zaidi ya mara moja kabla ya kurejeshwa chini ya Wizara ya Elimu. Hata hivyo mpango ulikuwa na akili moja kubwa: kulikuwa na watu waliojua kwa nini kijana anakwenda chuoni, na ni haohao waliompokea aliporudi. Ushauri wa masomo na msaada wa kupata kazi havikuwa ofisi yenye kibao mlangoni. Vilikuwa ni kijiji chenyewe. Uzi huo umekatika. Kijana wa leo huingia chuoni kwa sababu ya matokeo yake, hutoka na cheti chake, na katika miisho yote miwili yu peke yake.

Hasara ya kwanza huonekana katika kuchagua fani. Mzazi anayetafuta chuo chochote humpeleka mtoto palipo karibu au palipo na nafasi. Binti mwenye mkono mwepesi wa kuchora hujikuta katika uhazili, na kijana asiyependa kelele za mashine hupelekwa kwenye uchomeleaji kwa kuwa mjomba alisema kuna fedha. Zaidi ya hayo, sisi watu wa Kilimanjaro tuna kiburi fulani cha shule, kiburi chenye asili yake. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwaka 1890 walileta darasa pamoja na Injili, na kahawa ikalipa karo ya vizazi kadhaa. Kutokana na hayo tumerithi imani kwamba mtoto aliyefanikiwa ni yule anayekaa ofisini. Lakini shirika hilohilo, zaidi ya miaka 20 kabla ya kupanda mlima huu, lilikuwa limefungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na huko watoto waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala na uhunzi sambamba na katekisimu. Karakana ilikuwa sehemu ya misheni, wala haikuwa adhabu ya walioshindwa darasani.

Tena kihamba hakitoshi. Kila mmoja wetu anajua shamba la babu lilikuwa na ukubwa gani na sasa limegawanywa mara ngapi. Kijana ambaye hatarithi migomba ya kutosha kulisha familia hana budi kuwa na ujuzi mikononi, na kumchagulia ujuzi huo kwa kubahatisha ni kumnyang'anya urithi mara ya pili.

Akishaingia chuoni, wengi hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba wengi wa wanaoacha masomo huondoka kimya kimya katika muhula wa kwanza na wa pili, na mara chache ni kwa sababu ya uvivu. Hesabu zilizomshinda kidato cha pili zinamrudia katika vipimo vya nyaya na kona za mapaa. Michoro na vitabu vingi vya ufundi viko kwa Kiingereza, lugha ileile iliyomwangusha. Ada ni ndogo, ndiyo, lakini kuna nauli ya kila siku kutoka Uru au Kirua hadi mjini, kuna ovaroli na viatu vya usalama, kuna chakula cha mchana. Kijana anayekosa nauli siku 2 kwa wiki hukosa vipindi 2 vya karakana, na baada ya mwezi huona aibu kurudi.

Marekani wana vyuo vya miaka 2 vinavyopokea vijana wa namna hii, watoto wa wafanyakazi na wahamiaji, na kwa miaka mingi navyo viliwapoteza wengi njiani. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007, katika vyuo vyake vya ngazi hiyo, mpango uitwao ASAP. Mtaala haukubadilishwa. Kila mwanafunzi alipewa mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye alilazimika kuonana naye mara kwa mara, mtu wa kumsaidia masomo, mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi, vitabu, na kadi ya usafiri wa mjini iliyotolewa kila mwezi kwa aliyehudhuria. Watafiti walilinganisha waliopata msaada huo na wenzao waliosoma bila msaada: baada ya miaka 3 wa kwanza walihitimu asilimia 40, wa pili asilimia 22. Ninaomba msomaji atulie kidogo kwenye ile kadi ya usafiri. Taifa tajiri kuliko yote, lenye maktaba na kompyuta za kila aina, liligundua kwamba miongoni mwa mambo yanayomwangusha mwanafunzi maskini ni nauli.

Lakini mahali ambapo vijana wetu huumia zaidi ni kwenye mafunzo ya vitendo kazini, yale ambayo wenyewe huyaita fildi. Chuo humpa mwanafunzi barua yenye mhuri na kumwambia atafute mahali pa kujizoeza. Mwenye baba mdogo katika hoteli ya Marangu hupata hoteli ya Marangu. Mwenye jirani anayefanya kazi kiwanda cha sukari TPC huingia TPC. Asiye na mtu huzunguka na barua hiyo kutoka Majengo hadi Pasua, gereji kwa gereji, na mwisho huishia mahali anapotumwa kununua chai na kufagia vyuma kwa wiki 8, kisha fundi humjazia daftari la mazoezi siku ya mwisho. Cheti chake kitafanana na cha yule wa TPC. Ujuzi hautafanana, na mwajiri huligundua hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo ukosefu wa kazi ambao tunausikitikia baada ya mahafali mara nyingi uliamuliwa mwaka mmoja nyuma, katika zile wiki 8, na uliamuliwa na jambo moja tu: kijana anamfahamu nani.

Basi parokia ni mahali ambapo watu wanafahamiana. Katika kigango kimoja cha kawaida utamkuta mwenye karakana ya kuchomelea, mama mwenye mgahawa, mhasibu wa SACCOS, fundi umeme mstaafu aliyefanya kazi miaka 30 kiwandani na sasa anachoka kukaa chini ya mgomba. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinajua nani ni mgonjwa na nani anadaiwa mchango wa zaka; zinaweza pia kujua kijana yupi yuko chuo gani, mwaka wa ngapi, na lini atahitaji mahali pa mazoezi. Wala hatuhitaji kufundishwa kuunda kamati. Watu wanaoweza kukutana kila Jumapili kwa miezi 4 kwa ajili ya harusi moja, wakiwa na mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya ahadi, wanao uwezo wote wa kiutawala unaotakiwa.

Kanisa limekwisha kutupa msingi wa kufikiri juu ya jambo hili. Katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II hakuishia kwa mwajiri anayelipa mshahara. Alizungumza pia juu ya mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu, taasisi na taratibu zote zinazoamua kama mtu atapata kazi na kwa masharti gani. Papa Fransisko naye, katika Christus Vivit ya mwaka 2019, aliitazama kazi kama sehemu ya wito wa kijana. Na katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, wale wa saa kumi na moja wanapoulizwa kwa nini wamesimama kutwa nzima bila kazi, hujibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Tunapohubiri sehemu hiyo ya Mathayo sura ya 20 tunazoea kukimbilia ile dinari na manung'uniko ya wenzao. Mimi huona jibu lao lina uzito wake: mwenye shamba hakuwaita wavivu. Alikuwa amekwenda sokoni mara 5 siku ile.

Katika utume wetu wa vijana kuna pengo ambalo linafaa kusemwa wazi. Wanafunzi wa sekondari wana TYCS, wa vyuo vikuu wana TMCS na walezi wao. Mwanafunzi wa VETA au wa chuo cha wananchi huanguka katikati. Wapo VIWAWA, ambao jina lao kamili ni Vijana Wakatoliki Wafanyakazi, na neno hilo la mwisho linastahili kupewa nafasi kubwa kuliko linavyopewa katika parokia nyingi, ambako VIWAWA wameishia kuwa kwaya na timu ya mpira. Hao ndio wangeweza kushika daftari la vijana walioko vyuoni na la mafundi walio tayari kuwapokea.

Nawataja kwa pekee mabinti waliokatiza shule kwa ujauzito. Kabla ya Serikali kuruhusu mwaka 2021 warudi katika shule za kawaida, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikuwa vimekwisha kuwafungulia mlango kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, wakisoma huku watoto wao wakilelewa palepale chuoni. Binti wa namna hiyo anahitaji fildi kama wengine, na pia anahitaji mtu wa kumshikia mtoto kwa wiki hizo. WAWATA wanaweza kulitatua jambo hilo katika kikao kimoja.

Kisha kuna vifaa. Mhitimu wa ushonaji asiye na cherehani, au wa umeme asiye na kipimo wala koleo, atakuwa kibarua wa mtu mwingine kwa miaka. Halmashauri zina mikopo isiyo na riba kwa vikundi, asilimia 4 ya mapato ya ndani ikiwa ni ya vijana, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba na andiko la mradi, na hapo ndipo mhasibu wa SACCOS ya parokia anapohitajika jioni mbili tatu. Sherehe za kipaimara zitaanza tena mwaka huu, na bahasha zitatolewa kama kawaida. Kamati moja ikiamua kutenga sehemu ya bahasha hizo kwa sanduku la vifaa la kijana mmoja wa kigango, mweka hazina aandike jina la kijana na fani yake katika kumbukumbu za kikao, na fundi mstaafu apewe kazi ya kwenda naye dukani, maana yeye ndiye anayejua koleo ipi ni bandia.