Saa ya Kutafakari ni Saa ya Kazi



Katika mikutano ya matawi yetu tumezoea kuzungumza habari za mishahara, malimbikizo, buti na glavu. Safari hii naomba tuwazungumze wanagenzi wa hospitali, yaani wale vijana wanaosomea uuguzi, ukunga na utabibu ambao wamepelekwa wodini kujifunza kazi kwa vitendo. Hapa Nyakabanda tunawaona kila alfajiri wakiteremka mlima kutafuta basi au pikipiki, koti jeupe limekunjwa ndani ya mfuko. Usiku tunawaona tena wakipanda, na miguu haitaki. Wengi wao ni watoto wa wafanyakazi.

Najua mchuma chai wa Mulindi au Kitabi atauliza mambo ya wodi yanamhusu nini. Yanamhusu sana, maana ndiye atakayesimama mbele ya kijana huyo akiwa amebeba mtoto mwenye homa.

Vyuo vingi huwataka wanagenzi hawa waweke daftari. Ndani yake mwanagenzi anatakiwa kuandika alichokifanya siku ile, kilichoharibika, sababu yake, na namna atakavyofanya kesho. Mwaka 1983 profesa mmoja wa Marekani, Donald Schön, alitoa kitabu kizima juu ya jambo hili la mtu kuifikiria kazi yake mwenyewe. Mafundi cherehani wa Nyamirambo wamekuwa wakilifanya miaka yote bila kitabu: suruali ikirudishwa na mteja, fundi na mwanagenzi wake huifumua na kutazama mshono ulipokosea. Shida si kwamba jambo lenyewe ni gumu. Shida ni kwamba hospitalini halikupewa saa. Kijana anamaliza zamu, anarudi nyumbani, anapika, ndipo saa nne usiku anafungua daftari. Kesho yake mkufunzi anaweka sahihi bila kusoma.

Nitoe mfano mmoja, maana bila mfano watu husema haya ni maneno ya wasomi. Mtoto mwenye kikohozi akiletwa kituoni, kazi ya kwanza ni kuhesabu pumzi zake. Kanuni inajulikana, na wajumbe wa afya wa kila mudugudu huifuata pia: mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya miezi 12, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni hatari, mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Kuhesabu huko ni kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Sasa foleni ni ndefu, akina mama wananung'unika. Mwanagenzi anahesabu robo dakika halafu anazidisha kwa nne. Akipata pumzi 12, jibu ni 48, na mtoto wa miezi 10 anarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Akipata 13, jibu ni 52, na mtoto yuleyule anatibiwa nimonia. Pumzi moja tu, iliyopotea kwa sababu mtoto aligeuza kichwa, imebadilisha uamuzi wote.

Nani atamwonyesha kijana yule hesabu hiyo? Darasani aliambiwa ahesabu dakika nzima, na mtihani alifaulu. Atajua anachopoteza ile siku atakapokaa na muuguzi mzoefu, dakika 20 tu baada ya zamu, na kuulizwa: yule mtoto wa asubuhi ulimhesabu vipi? Uliona nini kifuani? Kwa nini uliharakisha? Hapo ndipo ujuzi unaingia mkononi. Na mara nyingine jibu la swali la tatu halimhusu mwanagenzi hata kidogo. Aliharakisha kwa sababu chumba kizima kina saa moja ya ukutani na betri yake imekwisha. Daftari lililosomwa vizuri humwambia mkuu wa kituo anunue betri.

Lakini daftari hilo litasema kweli kwa sharti moja, kwamba halitatumiwa kumwadhibu aliyeliandika. Wenzangu wa viwandani wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Mashine ikivunjika, na kila anayetoa taarifa akakatwa mshahara, mwezi ujao hakuna taarifa, ingawa mashine zinaendelea kuvunjika. Wodini ni vilevile. Kijana akijua kwamba kila kosa aliloandika litapelekwa kwa bwana mkubwa, ataandika "leo nimejifunza mengi", na kesho tena "leo nimejifunza mengi". Nimeona kurasa za namna hiyo na sikumlaumu mwenyewe. Marubani wa Marekani walilipatia ufumbuzi zamani. Tangu mwaka 1976 wanaweza kupeleka taarifa za makosa na hatari kwa NASA, ambayo si mwajiri wao wala si mtoa leseni, na majina yao yanafichwa. Kama rubani mwenye abiria mia mbili anaruhusiwa kusema "nilikosea" bila kupoteza kazi, sioni kwa nini mwanagenzi wa uuguzi asiruhusiwe. Bila shaka jina la mgonjwa lisiandikwe kabisa. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

Wakubwa wa hospitali watajibu kwamba foleni hairuhusu. Jibu hilo si la kudharau, maana foleni ipo kweli na wauguzi ni wachache. Ila Rwanda yenyewe imekwisha kujaribu njia nyingine. Mwaka 2010 Wizara ya Afya pamoja na Partners In Health, ambao hapa tunawaita Inshuti Mu Buzima, walianza mpango wa MESH katika wilaya ya Kirehe na kusini mwa Kayonza. Kabla ya hapo mkaguzi alikuwa akifika kituoni na karatasi yake, anatia alama, anaondoka. MESH iliweka wauguzi walezi wa kukaa kando ya muuguzi wakati anahudumia, kumtazama akifanya kazi, kisha kuzungumza naye juu ya alichokifanya. Watoto waliochunguzwa ipasavyo dalili zote za hatari waliongezeka sana. Foleni ilikuwepo kule pia.

Tena tukumbuke bei ya kutojifunza kwa utulivu. Tarehe 27 Septemba 2024 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia nchini. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024, watu 66 walikuwa wameugua na 15 wamefariki. Kiasi cha asilimia 80 ya waliougua walikuwa watumishi wa afya, wengi wao wa hapa Kigali, walioambukizwa wakihudumia wagonjwa. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye pango la machimbo lenye popo wala matunda. Basi mtu aliingia mahali pa machimbo, na waliofuata kuumia ni wafanyakazi wa wodi. Dalili za mwanzo za Marburg hufanana na za malaria: homa, kichwa, maumivu ya mwili. Sisemi kwamba daftari lingeuzuia ugonjwa ule. Ninasema kwamba kuvua glavu bila kugusa upande mchafu, kutotupa sindano nje ya sanduku lake, kujiuliza kama homa hii kweli ni malaria, ni tabia za mkono na za akili. Haziji kwa kubandikwa tangazo ukutani. Zinakuja kwa kurudiarudia na kusahihishwa na mtu mwenye subira.

Hili lina haraka sasa kuliko zamani. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ilianzisha mpango wa 4x4, wa kuongeza idadi ya watumishi wa afya mara nne katika miaka minne. Ni mpango mzuri, nasi wenye kusimama kwenye foleni hatuwezi kuupinga. Lakini wanagenzi wakiongezeka, na muuguzi mlezi akabaki yuleyule mmoja, mwenye wagonjwa walewale na mshahara uleule, atawafundisha saa ngapi? Atawatuma kubeba sampuli maabara na kutandika vitanda. Kutandika kitanda ni kazi ya heshima, ila hakufundishi kuhesabu pumzi. Na yule mlezi naye ni mfanyakazi. Kufundisha ni kazi juu ya kazi, na siku hizi anaifanya kwa hisani.

Sheria ya kazi Namba 66/2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama mahali pa kazi. Kwa maoni yangu muda wa mwanagenzi kujifunza kazi ya hatari bila kukimbizwa ni sehemu ya usalama huo, kama zilivyo glavu. Chama kinapokaa mezani na waajiri wa sekta ya afya, kidai dakika hizo 20 ziandikwe ndani ya ratiba ya zamu, mwanzoni au mwishoni, zihesabiwe kuwa saa za kazi kwa mwanagenzi na kwa mlezi wake. Kidai pia idadi ya wanagenzi kwa mlezi mmoja iwekewe kikomo, mlezi apate posho, na daftari lisipelekwe mbele ya kamati ya nidhamu.

Nasi wa viwandani na mashambani tusikae kando. Kila kiwanda kina mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza siku mbili miaka kadhaa iliyopita, akapewa sanduku lenye msalaba. Je, ajali ilipotokea mara ya mwisho, kuna aliyekaa naye baadaye kumwuliza alifanya nini na alikosa nini ndani ya sanduku? Katibu wa tawi aanze na swali hilo kwenye mkutano ujao, kabla ya mengineyo.