Gari lisilo na dereva nalo lina madhara yake

Mzazi, mtoto akitoka vipele baada ya kunywa dawa, rudi kwa daktari umweleze yote, hata lile unaloona aibu kulisema. Ukificha nusu, mtoto wa jirani atapewa dawa ileile.

Magari yanayojiendesha yanahitaji ukweli wa namna hiyo. Tangu 2021 serikali ya Marekani inazitaka kampuni zake kuripoti ajali. Oktoba 2, 2023, mjini San Francisco, mwanamke aligongwa na gari la kawaida, akarushwa mbele ya gari la Cruise lisilo na dereva. Nalo likamgonga, likasimama, kisha likaondoka kwenda pembeni mwa barabara huku yeye yuko chini yake, likamburuta kama mita sita. Hospitalini tunajua hatari ya kumsogeza majeruhi ovyo: mfupa uliovunjika huweza kukata mshipa wa damu.

Ripoti za kwanza za kampuni hazikutaja kuburutwa huko. Jimbo la California lilisimamisha vibali vyake mwezi huohuo. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ikaitoza dola milioni 1.5. Naiona faini ndogo mno.

Siyapingi magari haya. Hayalewi wala hayasinzii, na ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Ila siku yakiletwa kwetu, mimi nitauliza kwanza: nani anasoma ripoti zake, na anaweza kuyazuia siku hiyohiyo?