Daktari wa meno aulize kuhusu mtoto aliyebaki nyumbani

Tanzania huitwa meno ya plastiki, Uganda ebinyo, Rwanda ibyinyo. Majina hubadilika mpakani, madhara ni yaleyale. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi yake hupasuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli, kisha vijimeno vyeupe na laini hutolewa na kuonyeshwa kuwa ndio ugonjwa.

Vijimeno hivyo ni meno ya chonge ambayo bado hayajakomaa. Mtoto wa umri huo huharisha kwa sababu ameanza kula na kutambaa, na uchafu unaingia kinywani. Anachohitaji ni maji ya ORS na vidonge vya zinki. Kisu humletea kuvuja damu, pepopunda, hata kifo. Anayepona huweza kukosa chonge hadi ukubwani.

Familia za wafanyabiashara wa mpakani zina sababu ya kulijali hili. Mama aliyefuata bidhaa Kampala humwachia mtoto bibi au dada wa kazi. Mtoto akizidiwa usiku, jirani huja na ushauri wake, na anayeukubali huamini anaokoa maisha.

Alama hubaki kinywani. Mtoto wa miaka mitano asiye na chonge akifika kliniki ya meno, akatibiwa jino lililomuuma tu na kuruhusiwa, nafasi imepotea. Daktari anapaswa kuuliza chonge zilikwenda wapi, na kama nyumbani kuna mtoto mdogo zaidi.

Wapo watakaosema maswali hayo yatawakimbiza wazazi. Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana yaulizwe kwa upole, na ofisa ustawi wa jamii aitwe pale mtoto mwingine anapokuwa hatarini. Kunyamaza si upole. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 na ile ya Kenya ya 2022 zinakataza mila zinazomdhuru mtoto, na Ibara ya 118 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya. Kliniki za Busia, Namanga na Mutukula zianze kwa kutumia maswali yanayofanana.

Namba 116 ya kumsaidia mtoto hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Anayesafiri aiache nyumbani pamoja na agizo moja: mtoto akiharisha, apelekwe zahanati, na fizi zake zisiguswe.